Nilifika na Kinga

Makomeno, Lubumbashi, tarehe 9 mwezi wa tatu 2025

Mwipwa yangu Lydie,

Nakutumia salamu mingi, na ingine mingi kwa mama yako, yaya Victorine, dada yangu mukubwa. Miye niko muzima kabisa, mwili iko na nguvu sawa kijana ya miaka makumi mbili. Mama Hénoc, bibi yangu, anakusalimia. Mugongo inamusumbua lakini mudomo haigonjwe hata siku moya. Hénoc iko kule Kolwezi kazini. Huku mvua ilianguka mpaka lupango yetu, kiwanja yote, ikakuwa bwawa. Nikashika samaki mbili mbele ya mulango, moya ilikuwa kubwa sawa mutoto ya masomo. Jirani waliona. Ukikuja uliza.

Hii barua anabeba Amisi, ule muuza bitenge, anapanda treni kesho. Telefone yangu ilianguka mu mto, njo maana sipige.

Sasa niingie mu habari yenyewe. Bamefungua bustani pembeni ya mto Lubumbashi. Mbele palikuwa matope na bifuko ya plastiki, leo utakuta majani ya kijani, bintu ya kukalia, na bachumba bakipigwa picha kila siku ya Posho, mwisho wa juma. Mama Hénoc alikuwa na kitenge ya mupya ya kuonyesha, basi tukaenda. Pale kwenye daraja kuna jiwe moya bamepaka rangi nyeupe, juu yake bameandika 0. Nikauliza kijana mwenye kofia ya plastiki, anaitwa Sylvain, njo mukubwa ya kikundi ya bapanda-kinga, bantu ya baiskeli:

— Hii zéro ya nini?

— Mzee, hapa njo njia ya kinga itaanza. Inatoka hapa, inafuata mto, inaingia barabara ya Kasenga, inaenda mpaka Luapula. Tutaifungua mwezi wa munane.

Nikacheka mpaka machozi. Nikamwambia: 

— Kijana, hii njia munaanza, miye niliimaliza mwaka 97. Na mama mwenye mimba ya mapasa, batoto wawili, nyuma!

Bantu wote wakakaribia. Basi nikabasimulia, na wewe wacha nikusimulie tena, juu ile habari haichoshe. Tulikuwa ku kambi ya makala, kule tulichoma makaa, kilometre makumi tisa toka mujini. Mama yako alikuja kututembelea, uchungu ikamushika mwezi moya mbele ya wakati. Wote kichwa ikabazunguka. Chishimba, mwenye kinga, akauliza: «Nani atamupeleka?» Nikajibu mbele ya wote: «Miye.» Njiani cheni ikakatika, nikafunga na mukaba wangu, nikaendelea nikishika suruali na mukono moya. Halafu simba. Alikaa katikati ya barabara masaa tatu, ananitazama, namutazama. Yeye njo alitoka wa kwanza. Nikafika ku maternité, kule bamama wanazalia. Nilifika na kinga, nilifika na yaya, nilifika na wewe mu tumbo ya yaya. Kama haikuwa ule simba, kaka yako, mapasa yako, angekuwa leo anakupigia kelele.

Sylvain alifunua macho sawa sahani. Akasema bataandika habari yangu ku kibao, karibu ya jiwe. Na siku ya kufungua, tarehe 30 mwezi wa munane, miye njo nitatoka wa kwanza, mbele ya bakinga yote. Nikasema hakuna shida.

Kurudi nyumbani nilikuwa na kiu, nikakunywa maji ndoo nusu. Jua ilikuwa kali.

Mujomba yako,
Donat


Kongolo, tarehe 4 Mei 2025

Mujomba Donat,

Sisi huku tuko salama, tunawaombea nanyi vilevile. Mvua imeacha, mihogo imetoka vizuri, na padri wetu mpya anaimba vibaya lakini kwa moyo. Pole kwa mama Hénoc na mgongo wake. Barua yako ilifika juma lililopita tu: Amisi alikaa Kabalo siku kumi na saba akingoja treni, na vitenge vyake akivilalia.

Macho ya mama yamezidi. Ni mtoto wa jicho, pande zote mbili. Ananitambua kwa hatua zangu. Kwa hiyo barua zako namsomea mimi, jioni baada ya chakula, na yeye anapenda nisome polepole. Kwenye samaki alicheka sana. Kwenye simba hakucheka. Aliniomba nirudie pale ulipojibu «Miye» mbele ya watu wote. Nilirudia. Akaomba maji ya kunywa, akasema basi, tulale.

Nimewasimulia watoto wa darasa langu, wale wa mwaka wa tatu. Wamekuchora wote arobaini na wawili: wewe juu ya kinga umenyanyua kifua, mama nyuma ameshika kiuno chako, simba anakimbia analia. Nakutumia picha moja, iliyo nzuri kupita zote.

Mujomba, nina habari na nina ombi. Habari ni kwamba daktari wa macho atampokea mama huko Lubumbashi, na tunafikiri kuja mwezi wa nane. Tutalala kwako. Mama anasema miaka kumi na tisa hajasikia sauti yako ila kwa mdomo wangu.

Ombi ni hili. Siku ile ya kufungua njia, kabla hujaondoka na wenzako, unipakie nyuma kwenye porte-bagage, pale pa kufungia mizigo. Toka jiwe mpaka kona ya kwanza tu. Nilipita njia ile nikiwa tumboni, tukiwa wawili. Nataka kuipita tena nikiwa na macho yangu, kwa ajili ya yule mwenzangu. Sijawahi kupata mahali pa kumkumbukia. Kaburi lake hakuna anayelijua, na jina hakupewa.

Usikatae.

Lydie wako


Makomeno, tarehe 19 mwezi wa sita 2025

Mwipwa yangu Lydie,

Salamu sana kwenu. Baridi imeingia hapa, asubuhi maji mu ndoo inakuwa ngumu, jana nilivunja na nyundo. Kuku yetu moya ilitaga mayai mbili siku moya, majirani wanakuja kuitazama. Hénoc ametutumia picha, amenona.

Picha ya mutoto wa masomo nimeipokea. Inapendeza. Nimeiweka mu sanduku.

Juu ya kukuja kwenu: nafurahi mpaka silale. Lakini nakwambia kweli sawa mukubwa, mwezi wa munane haiko muzuri. Paa ya nyumba nimeitoa, ninataka kuinua nyumba iwe ya juu, sawa ile ya batajiri kule Golf. Mugonjwa wa macho hawezi kulala chini ya nyota. Tena nasikia kule Kamina kuna daktari wa macho anafanya ajabu, kipofu anaingia na fimbo anatoka anasoma gazeti. Na Kamina iko karibu yenu. Mufikiri.

Juu ya ile ombi yako ingine. Goti yangu ya kuume imeanza kulia. Nilikuwa nashindana na bakijana ku mupira, nikapiga goli ya mbali sana, goti ikasema kwaa. Daktari amesema: Mzee Donat, miezi tatu usiguse kinga. Nimemubishia, lakini yeye njo amesoma. Basi kama siku ile sitapanda, usishangae, na usiwaambie bantu kama naogopa. Miye naogopa nini? Ule mwaka, simba walikuwa wawili, dume na jike, sikukusimulia wa pili ili usiote mubaya.

Nilirudia kule ku bustani mara tatu. Siingie sana, nakaa karibu ya daraja. Bapanda-kinga wanakuja asubuhi, bavaa nguo ya kubana mpaka unapata haya kwa niaba yao. Sylvain aliniletea kinga moya nyepesi, unaibeba na kidole. «Mzee, jaribu kidogo.» Nikatazama frein, ile ya kusimamisha kinga, nikamwambia hii frein ya bitoto, miye nikipanda itakatika. Wakacheka, nikacheka. Kuna mama moya anafundisha binti yake pale ku majani, anashika kiti, anaachilia, binti anakwenda mwenyewe mita tano, kumi, anapiga kelele ya furaha. Nilitazama mpaka jua ikakuwa kali. Sijue kwa nini nakuandikia hii.

Wacheni safari kwanza. Nitawaambia wakati.

Mujomba yako mwenye goti,
Donat


Kongolo, tarehe 27 Julai 2025

Mujomba,

Tuko wazima. Pole na goti.

Hatutakuja mwezi wa nane. Si kwa sababu ya paa lako. Daktari mwenyewe amesogeza siku mpaka Desemba. Kamina hatuendi.

Mama anaziweka barua zako zote ndani ya mkebe wa maziwa, tangu nilipojua kusoma. Ziko tisa. Shule imefungwa, nikazitoa nikazipanga juu ya meza, na nikashika kalamu nyekundu, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Katika ile ya kwanza barabara ilikuwa kilomita sitini. Baadaye sabini na tano. Sasa ni tisini. Simba alianza mmoja, na sasa ameoa. Hayo nilicheka tu, nimekua nayo.

Lakini kuna jambo jingine, na hilo nimelipigia mstari. Katika barua zote tisa umeandika «nilifika na kinga», «nilitoka na kinga», «nilienda na kinga». Nimehesabu, mara kumi na nne. Hakuna hata mahali pamoja ulipoandika «nilipanda». Nimetafuta sana. Mtu anayeongeza simba, Mujomba, hawezi kusahau kuongeza kwamba alipanda.

Mtu anaweza kutembea na baiskeli ubavuni mwake siku nzima, na akifika akasema amefika nayo. Hatakuwa amedanganya neno.

Hii sijamsomea mama. Nakuuliza mimi, unijibu mimi.

Ulipanda?

Lydie


Makomeno, tarehe 5 mwezi wa kumi 2025

Lydie,

Salamu. Mama Hénoc ni muzima. Kuku ile ya mayai mbili ilikufa. Hii barua nimeandika mara ine, mara tatu nikachana. Amisi alipita mara mbili kuuliza, nikajificha mu nyumba, nikamwambia mama Hénoc aseme niko safarini. Paa iko pale pale, haikutoka. Goti haigonjwe. Telefone pia iko, iko mu sanduku na ile picha. Sikuweza kusikia sauti ya mama yako.

Hii usimusomee. Nakulomba.

Sijue kupanda kinga. Sijajua hata siku moya. Nilipokuwa mutoto nilianguka mbele ya bantu wakacheka, nikaacha. Bakinga ya makala hatupande, tunasukuma, gunia zimejaa mpaka juu, basi nani angejua? Ku kambi nilibaambia wote kama kule Likasi nilikuwa champion. Miaka mbili nikibaambia. Waliamini, na miye nikaanza kuamini.

Ile asubuhi saa kumi na moya, yaya alishikwa na uchungu. Chishimba alisema hivi, sitasahau: «Donat, lete yaya yako huku, nimupeleke miye, wewe fuata na miguu.» Chishimba alikuwa anapanda, Lydie. Alikuwa anapanda na mutu nyuma na mutu mbele, anaimba. Angefika saa mbili ya asubuhi. Na bantu makumi mbili wananitazama, champion. Mudomo ikajibu mbele ya miye mwenyewe: «Yaya wangu? Miye njo nitamupeleka.» Sikujibu swali, nilimunyang'anya kinga mu mukono.

Nikamukalisha yaya juu ya porte-bagage na muto chini yake. Nikasema wacha nipashe miguu moto kwanza, nitapanda mbele. Nikasukuma mpaka kona, bantu wakapotea nyuma. Nikaendelea kusukuma. Yaya akaniuliza, «Donat, hupande?» Nikasema njia iko mubaya hapa. Njia ilikuwa muzuri. Hakuuliza tena. Sio kilometre makumi tisa, ni makumi tatu na moya. Tulifika saa tisa ya mchana.

Hakukuwa simba, Lydie.

Mama wa maternité alitoka na wewe mukono moya. Akasema kama mungefika mbele ya saa sita, wangekuwa wawili. Bantu wakauliza mulichelewa nini. Nikasema simba. Ile neno ilitoka tu.

Chishimba alikufa miaka tisa sasa. Mpaka kufa alikuwa ananiita champion.

Sasa sikia ya bustani. Tarehe 30 nilitaka kukimbia, lakini Sylvain alikuja kunikamata nyumbani na gari. Watu walijaa mpaka daraja, ngoma, muziki, bakinga sawa mia moya. Wakanisimamisha karibu ya jiwe, wakasoma habari yangu kwenye mikro, na simba ndani. Wakanipa kinga. Nikashika mikono yake. Wakapiga kelele: «Panda, mzee! Panda, champion!» Nikaanza kusukuma. Watu wakacheka wakapiga makofi. Moya akasema: «Angalia, anapasha miguu moto!» Lydie, ile neno yenyewe. Nikasukuma mpaka kona, pale wanaotazama hawaone tena, na nikasimama. Kinga zote mia moya zikanipita, kila mutu ananisalimia na heshima. Sylvain akapita, akasema nitakungoja mbele, mzee. Nikaegemeza ile kinga ku muti, nikarudi nyumbani na miguu kwa njia ya nyuma.

Uliniuliza neno moya, nimekujibu na karatasi tatu. Hapana. Sikupanda.

Donat


Kongolo, tarehe 11 Novemba 2025

Mujomba,

Salamu kwako na kwa mama Hénoc. Huku mvua imerudi.

Amisi hakunikuta. Barua alimpa mama mkononi. Nilipotoka shuleni nilimkuta ameiweka juu ya magoti, anaipapasa. Akasema: «Ni nzito, hii. Nisomee.»

Nilisoma salamu. Nilisoma kuku aliyekufa. Kisha nikaruka, nikaanza kubuni habari za Hénoc. Mama akanyanyua mkono.

— Lydie. Umegeuza karatasi mbili pamoja. Macho ndiyo yamekufa, masikio bado.

Nikamsomea yote. Nilipofika kwenye kona alitabasamu, na mimi nikakasirika, nikauliza anacheka nini.

— Kona! Mimi nilijua kabla ya kona. Mtu anayejua kupanda hashiki kinga vile, kama anashika mbuzi wa watu.

— Ulijua? Miaka yote hii?

— Nilikuwa juu yake, mwanangu. Nisijue namna gani?

— Na kwa nini hukumwita Chishimba?

Alizikunja karatasi, akazikunjua. Akasema: «Chishimba alikuwa bado amesimama pale, ameshika kiuno. Ningeita, angekuja mbio. Lakini wangemcheka Donat. Nikasema moyoni, uchungu wa kwanza huu, wakati upo, wacha nimfichie mdogo wangu haya yake mpaka kona. Halafu baada ya kona tulikuwa mbali.» Na tena: «Yeye ana simba wake. Mimi je, nilimsingizia nani? Nilinyamaza tu.»

Mujomba, nimekaa na hayo siku nane kabla ya kuandika. Nilifikiri nitakuhurumia, kwa sababu umeandika bila kujificha. Bado. Nyinyi wawili mlikuwa na siri yenu, mkailea vizuri. Mimi nilikuwa na kaka. Nimewafundisha watoto arobaini na wawili kuchora simba.

Picha ile usiichane. Lakini usiiweke ukutani.

Tutafika tarehe 14 Desemba, Mungu akipenda. Mama atafanyiwa jicho moja kwanza. Anataka kupelekwa bustanini kabla hatujarudi, kwenye jiwe. Nilimwambia sijui kama utaweza kusimama pale mbele yake. Akanituma nikuandikie maneno haya, na akanifanya niyarudie kwa sauti ili nisiyapunguze:

«Mwambie Donat aje na kinga.»

Lydie


Makomeno, tarehe 18 mwezi wa kwanza 2026

Mwipwa yangu Lydie,

Salamu kwako na kwa yaya. Natumaini treni haikuwachelewesha sana. Mama Hénoc anawasalimia tena, mugongo ni ile ile. Kuku ingine tumenunua, inataga yai moya kwa siku, sawa kuku yote.

Nakuandikia juu ya kazi. Nilikwenda kwa Sylvain, miye mwenyewe, na miguu. Nikamwambia yote. Alikaa chini ku majani, akasema: «Mzee, kibao bado kiko tupu. Andika wewe.» Nimeandika. Sikusoma mingi, unajua, niliishia mwaka ya tano. Basi kamata kalamu yako nyekundu, unikosolee, halafu unirudishie na Amisi.

Mbele ya hiyo, neno moya. Ile siku kule bustanini, yaya na kitambaa ku jicho, amekaa juu ya porte-bagage anasema «Polepole Donat, mifupa ni ya mzee», na miye nasukuma, wewe ulikuwa unatembea nyuma. Toka asubuhi hukunisemesha. Pale mbele ya daraja ya pili, kuna kamulima. Nilisikia kinga imekuwa nyepesi. Nilijua mukono wako uko nyuma. Sikugeuka, niliogopa ungeutoa. Tulikwenda kilometre ine. Ine ya kweli. Uliza mama yako, jicho moya sasa inaona.

Maneno ya kibao ni haya:

MWAKA 1997 DONAT ALIPITA NJIA HII. ALISUKUMA KINGA KILOMETRE 31, MASAA KUMI, NA DADA YAKE VICTORINE JUU. HAKUJUA KUPANDA NA ALIPATA HAYA KUSEMA. CHISHIMBA ALIJUA KUPANDA. WATOTO WALIKUWA WAWILI. LYDIE IKO. MWENZAKE NI

Hapo nimeacha nafasi. Sylvain anasema fundi anaweza kungoja. Jina hatukumupa, miye na yaya, na sio sisi tunaweza kumupa sasa. Kama uko nalo, liandike. Kama bado, rudisha hivi hivi, na nafasi yake.

Donat